Kiguu na Njia Ametulia

Watoto walikuwa themanini na saba, madawati ishirini na mawili. Waliokosa nafasi walikaa sakafuni, daftari juu ya magoti. Katikati yao alikuwa msichana waliyembandika jina la Kiguu na Njia, kwa kuwa hakutulia. Mwalimu akiandika sentensi moja tu ubaoni, mtoto keshainuka, anawaruka wenzake, anakuja mpaka pua inakaribia kugusa chaki.

"Kiguu na Njia huyooo!"

"Mwalimu, hii ni tatu au nane?"

"Nane, mwanangu."

"Haya." Anarudi, anaandika nane yake, anainuka tena.

Mwalimu mwenyewe, mama wa mvi aliyebakiza miaka miwili astaafu, alimgombeza muhula mzima kabla hajaelewa. Mtoto hakuwa mtukutu. Macho hayakufika. Alimhamishia dawati la mbele, na hata hapo aliona ukungu mtupu. Basi akamruhusu ainuke apendavyo. Wenzake nao wakaacha kumzomea. Akisimama mbele ya ubao walingoja asome, asogee, ndipo waendelee. Hakuna aliyewafundisha hilo. Barua ya kuomba mtoto apimwe macho mwalimu aliipeleka ofisini, akaambiwa imo kwenye faili.

Kisha shule ikaingia kwenye mashindano ya nidhamu. Makamu wa mkuu wa shule akawa anapita madirishani na kadi nyekundu mfukoni. Mtoto akikutwa amesimama, kadi. Zikifika tatu, anarudi nyumbani mpaka mzazi aje. Mama yake Kiguu na Njia alikunja mashuka ya hospitali kwa kibarua. Asiyefika siku moja, kesho yake anamkuta mwingine mahali pake.

"Mwalimu, hili ni darasa au stendi ya mabasi?" Makamu aliinama dirishani.

"Huyo nimemruhusu mimi."

"Fomu ya mashindano haina mahali pa ruhusa yako."

"Haoni, mwenzangu. Barua yake mnayo."

"Basi asione akiwa amekaa." Akamnyooshea mtoto kadi. "Hii ya pili, binti. Ya tatu, kesho yake uje na mama."

Mtoto aliipokea kwa mikono miwili, kama alivyofundishwa kupokea vitu vya wakubwa.

Tangu siku hiyo akatulia. Mwalimu alijaribu kumsomea kila alichoandika ubaoni, lakini sauti ya mtu mmoja kwa watoto themanini na saba ilikauka kabla ya saa nne.

"Njoo usome, mwanangu."

"Hapana, mwalimu. Naona."

"Unaona nini?"

"Naona tu." Akatazama dirishani.

"Njoo, mimi nipo."

Hakuinuka. Aliandika. Kila mara mwalimu alipogeuka kutoka ubaoni, alimkuta ameinamisha kichwa, kalamu inakwenda. Akajifariji kwamba pengine anasikiliza, anashika kwa masikio. Watoto wengine wote nao walikuwa wakimngoja mwalimu huyo huyo.

Ijumaa makamu alikuja kukagua madaftari. Hakusoma, alitazama pambizo kama zimenyooka, akagonga muhuri kila ukurasa, akachukua jingine. Kwa Kiguu na Njia alisimama.

"Umeona, mwalimu? Wiki nzima hajainuka. Mtoto ni kushikwa tu." Akampapasa kichwa yule msichana, akagonga muhuri, akaendelea na safu ya pili.

Mwalimu akalichukua lile daftari. Pambizo zilikuwa zimepigwa kwa rula. Ndani yake, mstari baada ya mstari, kulikuwa na mawimbi madogo madogo, yameachiwa nafasi kama maneno, na kila baada ya mawimbi kadhaa, nukta. Kurasa tano. Hapakuwa na herufi hata moja. Chini ya kila ukurasa, kwa wino wa zambarau: SAFI.

Makamu alikuwa bado mle ndani, amewapa mgongo.

Mtoto alikuwa amekaa wima, mikono juu ya dawati. Alinong'ona bila kuinuka:

"Mwalimu, nimepata ngapi?"