Hii Moja Imeshika

Mama mkwe wangu, Saadia, ana masikio ya kusikia nusu na mdomo wa kusimulia yote. Ukuta kati ya chumba chake na chetu pale Kibera ni bati tupu, kwa hiyo nusu yake aliipata bila kujisumbua.

Mimi nafanya kazi kwenye kituo cha utafiti wa mpunga. Tunaloweka mbegu za pishori, ule mchele unaonukia, kwenye kemikali kali inayovuruga chembe za urithi, kisha tunaziosha na kuzipanda tuone kitakachotokea. Kemikali ile haichagui. Mche mmoja hutoka mweupe ukafa, mwingine huchanua bila punje. Tulichotafuta ni pishori fupi, isiyolala upepo ukivuma, na bado inukie. Baada ya misimu ya kupanda na kutupa, tulipata mmea mmoja. Punje zake zote zilienea kwenye bahasha ndogo, nikazileta nyumbani kwa sababu stoo ya kituo imetekwa na panya. Jumatatu zingepandwa.

Ijumaa nilimpigia simu mwenzangu Shiundu, aliyekuwa likizo kwao Bungoma. Sisi kazini kemikali tunaiita dawa.

"Dawa imebadilisha mbegu yote," nikamwambia kwa furaha. "Nyingi zimeharibika, zingine ni tasa kabisa. Lakini hii moja imeshika! Usiambie mtu bado."

Sasa mpe maneno hayo mama anayesubiri mjukuu, mwenye mkaza mwana ambaye mimba zake zimeharibika mara mbili.

Jumamosi nilitoka Toi sokoni nikakuta nyumba inanukia pishori. Nilidhani amepika. Heri angepika. Saadia alikuwa ameinama juu ya chetezo cha udi, bahasha tupu mkononi, punje zimekuwa makaa.

"Nimechoma uchawi wako, Hadia," akasema. "Umemlisha mtoto wangu dawa ya kubadilisha mbegu. Nimekuskia mwenyewe."

"Mama, hiyo ni mpunga! Ni mbegu ya shamba!"

"Mpunga gani unafichwa chini ya nguo?"

Nilikaa sakafuni nikalia kwa sauti. Harufu ilikuwa tamu kuliko pishori yoyote niliyowahi kupika. Nilimchukia, nami sijutii kusema hivyo. Mimi mwenyewe nimewahi kujiuliza kama kemikali ile ilipenya glavu ikanifika tumboni. Daktari hakuwa na jibu. Lakini mimi nilikuwa nikiwalilia watoto wangu, yeye alikuwa akitafuta wa kulaumu.

Nilimngoja mume wangu, Anwar. Yeye anajua kazi yangu, amewahi hata kuja kituoni akanishikia miche. Nilimweleza yote, mama yake naye akaeleza yake. Anwar akaangalia majivu, kisha akaangalia tumbo langu.

"Lakini ulisema hii moja imeshika," akasema polepole. "Imeshika ya nani?"

Nikafunga nguo zangu.

Siku hizi nimepanga chumba Kawangware. Kituoni tumeanza tena kuloweka, na Shiundu huniuliza kama tutaupata mmea mwingine kama ule. Namwambia dawa haichagui.

Jana Anwar alipiga simu. Alisema nirudi, mama ameuliza watu na sasa ameelewa, kumbe ulikuwa mpunga tu.

"Mpunga tu," nikasema, nikakata simu.