Shokapu Nne

Kila Jumapili saa nne asubuhi simu ya Klachi ililia, na kila Jumapili aliipokea kwa habari za gari.

"Kwenye kona ya shule limeyumba tena," alimwambia binti yake. "Mkia unataka kukipita kichwa."

Klachi alikuwa amefundisha udereva kwa miaka thelathini na mmoja. Jina hilo alipewa na wanafunzi, maana ndilo neno alilowapigia kelele kutwa: "Klachi! Klachi, mama, utaniua!" Binti yake, mtoto wa pekee, alikuwa mhandisi katika kiwanda cha magari nchi ya mbali, na kazi yake ilikuwa kupima jinsi magari yanavyoshika barabara. Ungedhani watu wa namna hiyo hawakosi la kuzungumza. Lakini mama alipokuwa hai, yeye ndiye aliyekuwa na maneno. Angeongea na binti saa nzima, acheke, agombe, kisha aseme, "Haya, msalimie baba yako." Baba angesalimia na kuirudisha simu kama kaa la moto.

Mama alipofariki, simu ikabaki mikononi mwa Klachi. Jumapili ya kwanza walisikilizana wakipumua. Ya pili, kwa kukosa la kusema, akasema gari limeanza kuelea kwenye kona. Upande wa pili akasikia kiti kikivutwa.

"Linaeleaje, baba? Mbele au nyuma?"

Siku hiyo waliongea dakika arobaini.

Tangu hapo wakawa na ubishi wao. Klachi alikuwa mtu wa matairi. "Gari zima linagusa ardhi mahali pane tu," alisema, "na kila mahali hapazidi kiganja. Weka tairi zuri, mengine ni mapambo."

"Na kiganja kikirukaruka kitashika nini?" binti alijibu. "Kazi ya shokapu ni kukituliza chini. Shokapu zikifa, hata ulivishe gari tairi la dhahabu, ni bure."

"Umesoma sana wewe."

"Na wewe ni mbishi sana, baba."

Walipofika hapo wote wawili walicheka kidogo, kisha wakaagana.

Jambo moja binti hakulijua. Kwa miezi minane sasa gari hilo halikuwa la Klachi tena.

Daktari wa macho alimwambia kwamba presha ya macho imemla pembeni, hasa upande wa kushoto. "Mbele unaona vizuri. Lakini anayetokea ubavuni humwoni mpaka awe puani pako. Usukani uache, mzee." Mtu aliyewafokea wengine maisha yake yote watazame vioo angepinga nini? Gari akamwuzia mkunga wa zahanati ya mtaa wa pili, ambaye zamani alikuwa mwanafunzi wake.

Kumwambia binti alipanga kila Jumapili, na kila Jumapili akaahirisha. Bila gari wangeongea nini? Basi kila jioni alitembea hadi zahanati, akainama kando ya gari kama mtu anayefunga kamba za viatu, na kupitisha vidole kwenye tairi. Upande wa ndani ulikuwa unaota kipara. Kisha alisimama kwenye kona ya shule mpaka mkunga apite akirudi kwake, aone gari linavyolala. Habari alizompa binti zilikuwa za kweli kabisa, isipokuwa dereva.

Ndipo mzigo ulipofika. Boksi zito, ndani yake shokapu nne mpya zinanukia mafuta, na karatasi yenye mwandiko wa binti: "Matairi usiguse kwanza. Funga hizi, pita kona ileile kwa mwendo uleule, uniambie nani mkweli."

Klachi alizipanga mezani, kando ya sahani yake moja. Siku tatu alikula akizitazama. Angeweza kubuni jibu, lakini jibu lenyewe lilikuwa la kuhisiwa kwa makalio na viganja, na hilo mtu hawezi kuliona akiwa amesimama kando ya barabara. Siku ya nne akaenda zahanati na kumweleza mkunga yote.

Mkunga alimsikiliza mpaka mwisho. "Ndiyo maana," akasema. "Kila jioni nikiwa dirishani nakuona unafunga kamba za viatu pale kwenye gari. Na mara nyingine umevaa kandambili, mwalimu."

Klachi aliona aibu mpaka masikio yakawasha. Mkunga akamwekea ufunguo mkononi. "Lipeleke kwa fundi Jumamosi. Nitakuja kuwapitia hukohuko. Si unajua sitakuacha uendeshe?"

"Nitalisukuma," Klachi akasema, na fundi ndiye aliyekuja kulichukua.

Huko gereji, fundi alifungua tairi la nyuma akamwita. "Mzee, gusa hapa." Lilikuwa limeliwa mabakamabaka, kama hindi lililopitiwa na panya. "Hii kazi ya shokapu mbovu. Tairi linaruka, likitua linajikwangua. Ungefunga jipya, nalo lingeliwa vivyo hivyo."

Shokapu zilipofungwa, mkunga akakaa kwenye usukani na Klachi pembeni yake. Walipoikaribia kona ya shule, mguu wa kulia wa Klachi ulikanyaga sakafu kwa nguvu.

"Mwalimu, huko hakuna breki. Hili si gari la kufundishia."

"Ongeza mwendo kidogo," akasema.

Gari liliingia kwenye kona limetulia kama mtu aliyekwishaamua. Halikuelea. Lakini katikati, pale lami ilipokuwa na mchanga, matairi yenye kipara yalilia na gari zima likateleza taratibu kuelekea nje kabla ya kushika tena. Klachi alifumba macho. Miezi minane hakuwa amehisi barabara mgongoni.

Jumapili simu ilipolia, alimweleza binti yote hayo.

"Kwa hiyo sote tumesema kweli!" binti akacheka. "Ulipita kwa mwendo gani?"

"Sikuwa kwenye usukani, mama." Akasema habari ya mkunga. Akasema habari ya macho.

Kicheko kilikatika. "Tangu lini?"

"Miezi minane."

"Miezi minane nakuuliza habari, unanipa habari za tairi?"

"Ulikuwa unauliza habari za gari," Klachi akasema polepole, bila hasira.

Simu ikakatika. Hakujua kama ni mtandao au ni mkono.

Jumapili iliyofuata simu haikulia. Alikaa mezani mpaka chai ikashika utando, akafua shati ambalo halikuwa chafu, akaketi tena. Jumapili nyingine nayo saa nne ikapita. Ililia saa tisa alasiri, na aliikimbilia mpaka akajigonga kwenye kiti kilichokuwa upande wake wa kushoto.

"Jicho gani ni baya zaidi?" binti akauliza, bila salamu.

Akamwambia. Akamweleza kwamba kikombe akikiweka kushoto hupotea, naye hukitafuta kwa mkono kama kipofu, na kwamba dawa anaweka asubuhi na jioni. Binti alisikiliza. Alikuwa analia, lakini alijitahidi asisikike. Likizo ya kuja nyumbani ameomba, akasema, na hajajibiwa. Yote hayo yalichukua dakika sita, kisha wakaishiwa maneno, wakaagana.

Klachi alibaki ameishika simu, akijaribu kukumbuka kama alimwuliza binti yake hali. Hakumwuliza. Hakuwa amemwuliza tangu mama yake azikwe. Akaisogeza simu mbele ya jicho zima, akalitafuta jina la binti kwa kidole, akapiga yeye mwenyewe kwa mara ya kwanza.

"Baba? Kuna nini?"

"Hakuna kitu," akasema. "Na wewe je, mama, unaishije huko?"