Nyota Moja kwa Kifungua Kinywa

Fundi majokofu alikuwa ameingia hoteli nyingi maishani mwake, lakini zote kwa mlango wa nyuma, begi la spana begani. Angeonyeshwa jikoni au stoo, angeinama, angetengeneza, angetoka kwa mlango uleule. Kulala hotelini kwa raha zake hakuwahi. Kwa hiyo binti yake mkubwa alipompigia simu kumwambia kwamba yeye na wadogo zake wamewalipia wazazi siku mbili katika hoteli ya mji wa jirani, moja ya zile za kampuni yenye matawi kila mahali, wakakumbuke siku ya ndoa yao, fundi alicheka.

"Sasa mimi nikafanye nini huko?"

"Ukapumzike, baba. Ukae na mama. Basi, hivyo tu."

"Na wateja wangu?"

"Watasubiri. Nyama ikioza, ioze."

Mkewe, aliyekuwa muuguzi wa wodi ya watoto mpaka alipostaafu, hakusema kitu. Alipiga pasi gauni lake jipya, akalikunja taratibu, akalilaza juu kabisa ndani ya sanduku lisije likapata mikunjo. Fundi aliuona ule ukimya akauchukulia kuwa ni furaha ya mtu asiyependa makuu.

Hoteli ilikuwa safi, haina kasoro ya maana wala cha kukufanya uisimulie. Zulia la mistari kwenye korido, picha ileile ya maua ya njano kila ghorofa, kadi ya kuchomeka ukutani ndipo taa ziwake, birika dogo la umeme na vipakiti vya kahawa. Mkewe alioga, akavaa lile gauni, akakaa ukingoni mwa kitanda akiupapasa mto.

"Pazuri," alisema.

Kando ya meza palikuwa na kijokofu kinachonguruma. Fundi alitega sikio kama daktari.

"Hiki hakimalizi mwezi," alisema, akapiga magoti.

Spana hakuwa nazo, lakini alikuwa na kisu kidogo cha mfukoni na sarafu, na kwa vitu hivyo alifungua kifuniko cha nyuma, akapuliza vumbi, akakaza kilicholegea. Alipoinuka, nje kulikuwa kumeshaingia kiza. Mkewe alikuwa palepale ukingoni mwa kitanda, mkoba mapajani, viatu miguuni, kama mtu anayesubiri kuitwa ndani ya chumba cha daktari.

"Sikiliza sasa," fundi alisema, akijifuta mikono. "Kimya kabisa."

"Nasikia," alisema mkewe.

Asubuhi mkewe alitangulia kushuka. Fundi alipoingia kwenye ukumbi wa chakula alimkuta ameshakaa kwenye meza ya dirishani, sahani yake ina kipande kimoja cha mkate ambacho hakijaguswa. Fundi akajipakulia vya kutosha, akakaa, akaanza kula.

"Baba," mkewe alisema. Tangu wapate watoto walikuwa wakiitana baba na mama. "Nina jambo la kukuambia, na nakuomba usinikatize. Mimi sirudi nyumbani na wewe. Nikitoka hapa naenda kwa dada yangu."

"Unakwenda kukaa muda gani?"

"Sirudi."

Fundi aliweka kikombe mezani. Maneno alikuwa ameyasikia, ila yalikuwa bado hayajamwingia.

"Nimekukosea nini?"

"Hujanipiga, hujanitukana, hujaninyima. Ndiyo maana imenichukua miaka yote hii, nilikuwa sijui nitawaambia nini watu. Nimeishi na mgongo wako, baba. Kitu ninachokijua vizuri katika mwili wako ni mgongo. Siku tunamzika mama yangu nilikutafuta kila chumba, nikaja kukukuta kwa jirani, umeinamia friji yake."

"Nilikuwa nasaidia. Waombolezaji walihitaji maji baridi."

"Najua. Waombolezaji walipata maji baridi. Mimi…"

Sauti ikamkatika. Na hapohapo mhudumu akasimama mezani kwao, msichana mrefu mwenye mwanya, kalamu mkononi.

"Samahani jamani. Mayai mngependa ya kukaanga au ya kuchemsha?"

Mkewe alivuta pumzi, akajipangusa uso kwa kitambaa cha karatasi, akasema ya kuchemsha. Msichana akaenda zake. Fundi alifungua mdomo. Hakujua hasa atasema nini, ila alihisi kuna neno linapanda kutoka kifuani, neno zito, na kwamba akiachiwa nafasi kidogo tu litatoka.

"Jana nilikuwa nimeamua kunyamaza," mkewe aliendelea. "Nilijiambia, labda hapa pageni atanitazama." Midomo yake ikaanza kucheza.

Mhudumu huyo tena. Juisi wangependa ya embe au ya machungwa? Akajibiwa, akaondoka, na kabla fundi hajajikusanya akarudi kuuliza kama taulo za chumbani zinatosha. Mara hiyo ya tatu alipogeuka kwenda, mkewe alikuwa ameshatulia, uso mkavu, na lile neno la fundi, kama kweli lilikuwapo, lilikuwa limesharudi lilikotoka.

Mchana teksi ilikuja. Mkewe akaingia na sanduku lake, akafunga mlango mwenyewe. Fundi alibaki hotelini usiku wa pili kwa sababu ulishalipiwa, na kwa sababu hakujua ataingia kwake na uso gani.

Nyumbani alijifungia. Watoto walipopiga simu aliwaambia mama yao yuko kwa mama mkubwa, anapumzika. Siku moja ujumbe ukaingia kwenye simu yake: "Mgeni wetu mpendwa, tunatumaini ulifurahia kukaa kwetu. Tafadhali tueleze jinsi tulivyokuhudumia." Chini yake palikuwa na nyota tano tupu, za kubonyeza.

Tangu mkewe aondoke hakuna mtu aliyekuwa amemuuliza habari zake yeye mwenyewe. Fundi alivaa miwani, akakaa sebuleni, akabonyeza nyota moja. Kisha akaandika kwa kidole kimoja kinene, akifuta na kurudia:

"Kifungua kinywa ni vurugu tupu. Mna mhudumu, msichana mrefu mwenye mwanya, hana adabu. Anaingilia mazungumzo ya wageni. Mtu anazungumza na mke wake jambo zito, yeye anakuja kuuliza mayai. Akimaliza mayai analeta juisi, akimaliza juisi analeta habari za taulo. Ametuharibia safari yetu. Mtu wa namna hii hafai kukaa karibu na watu."

Alipotuma alihisi nafuu, ile nafuu ya mtu aliyetapika. Kwa muda aliamini kabisa alichokiandika: kwamba ndoa yake ilikuwa inaokoka pale mezani, kasoro msichana wa mayai.

Siku alipopigiwa simu na hoteli alikuwa kwenye duka la nyama, kichwa ndani ya friza la mteja. Mwanamke mwenye sauti ya asali alimshukuru kwa maoni yake, akamwomba radhi kwa niaba ya kampuni nzima.

"Na tunapenda kukuhakikishia kwamba hatua zimechukuliwa. Yule mhudumu hayupo nasi tena."

"Hayupo kivipi?"

"Alikuwa wa mkataba wa muda. Haukuongezwa."

Mwanamke aliendelea kumkaribisha tena kwa bei nafuu, lakini fundi alikuwa hasikii. Ni kweli alitaka mtu aumie. Ila alitaka kama mtu anayepiga ukuta ngumi, hakutegemea ukuta utoe damu. Alimwambia mwenye duka atarudi kesho, akaacha vifaa vyake sakafuni, akaenda kukata tiketi.

Meneja wa tawi lile alikuwa kijana mpole mwenye tai iliyolegea. Alimkaribisha ofisini, akamsikiliza mpaka mwisho.

"Mzee wangu, nikwambie ukweli. Yule binti mimi nilimpenda, anajua kazi. Lakini nyota hizi hazisomwi hapa, zinasomwa makao makuu. Tawi likishuka wanauliza ni nani ametushusha. Na wewe ulishawaandikia ni nani, mpaka mwanya wake."

"Basi nayafuta yale maneno. Niliandika kwa hasira. Kosa ni langu."

"Futa, mzee. Yatafutika kwenye simu. Kwenye nafasi yake ameshaingia mtu mwingine."

"Nimwandikie nani huko juu?"

Meneja alitazama dirishani kidogo. "Hata mimi sijui. Huwa wananiandikia wao."

Mlinzi wa getini ndiye aliyemwelekeza. Msichana alikuwa anapiga pasi katika kibanda cha dobi cha shangazi yake, nyuma ya stendi ya mabasi. Fundi alimkuta amesimama mbele ya lundo la mashuka, jasho linamtiririka, kitambaa kimefungwa kichwani. Msichana alimtambua mara moja. Pasi akaisimamisha.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu." Shikamoo ile ilimchoma kuliko tusi. "Mimi ndiye niliyeandika."

"Najua. Walinisomea."

"Nimetoka kwa meneja. Nimemwambia ukweli, lakini…" Akauliza lile alilokuwa akiliuliza njia nzima, akijua halina msaada kwa yeyote. "Hivi kwa nini ulikuwa unatujia kila saa?"

Msichana alimwangalia, kana kwamba anapima kama mtu huyu anastahili kuambiwa.

"Mama alishuka mapema," alisema. "Alikuwa amesimama pale kwenye mikate, mikono inamtetemeka mpaka sahani inagonga. Nikamshikia. Akaniambia, mwanangu, nina jambo la kumwambia mume wangu, na nikianza kulia sitalimaliza, nitarudi naye nyumbani nikiwa nimelimeza. Ukiona nataka kulia, njoo uniulize kitu chochote. Basi nikawa namwangalia yeye tu. Mara ya tatu nilishaishiwa maswali, ndiyo maana nikauliza taulo. Taulo si kazi yangu."

Nje basi lilipiga honi.

"Mbona hukuwaeleza wakubwa zako?"

"Niwaeleze nini? Mambo ya mama wa watu? Aliniambia mimi, hakuwaambia wao."

"Nisamehe, mwanangu."

Msichana alichukua shuka lingine, akalitandaza. "Mzee, wewe ni mtu mzima na umetoka mbali. Ukitaka niseme nimekusamehe, nitasema, uondoke na amani. Lakini mimi nikitoka hapa jioni narudi kwenye chumba kilekile, na mdogo wangu ananiuliza nitaanza lini kazi. Sasa sijui unataka nikuambie nini." Akashika pasi. "Na haya mashuka yanatakiwa leo."

Fundi alitoka. Hakwenda nyumbani. Alikwenda moja kwa moja kwa shemeji yake, yule dada wa mkewe, ambako hakuwa amekanyaga tangu mambo yaharibike. Shemeji alifungua mlango, akamwangalia toka kichwani mpaka viatuni, akasema, "Ngoja hapo," na mkewe akatoka, wakakaa kwenye ngazi za mbele, mmoja juu, mmoja chini.

Alimwambia yote. Ile nyota, maneno aliyoyaandika, neno kwa neno kwa kuwa alikuwa ameyakariri, simu ya mwanamke wa sauti ya asali, kibanda cha dobi. Pengine tangu waoane hakuwahi kuzungumza kwa muda mrefu namna ile bila kuangalia saa. Mkewe alisikiliza kwa uso wa kazini, ule aliokuwa akiuvaa mbele ya wazazi wa watoto mahututi.

"Yule mwenye mwanya?" aliuliza mwishoni.

"Huyohuyo."

"Alinishikia sahani. Aliniambia, mama, kula hata mkate kidogo usije ukaanguka."

"Nitamtafutia kazi. Nawajua watu wengi wenye hoteli."

"Unajua majiko yao." Hakulisema kwa ukali. "Kumbe ulikuwa na hasira, baba. Kumbe na wewe uliumia. Miaka yote nilikuwa natafuta mahali panapokuuma nisipaone. Na siku ulipopata maneno, ukakaa kitako, ukavaa miwani, ukawaandikia watu wa hoteli."

"Waliniuliza," fundi alisema.

Mkewe alimgeukia, na kwa mara ya kwanza siku ile machozi yalimlengalenga, na hapakuwa na mtu wa kuja kumwuliza kitu. Akayaacha yashuke.

"Rudi nyumbani, mama," alisema fundi. Bila shaka lilikuwa ndilo lile neno la siku ile mezani, maana hakuwa na jingine. Sasa lilikuwa limetoka, na alilisikia jinsi lilivyo dogo.

"Umekuja kwa ajili yangu, au umekuja kwa sababu hili la yule binti limekushinda kulibeba peke yako?"

Angeweza kudanganya. Alitazama viatu vyake.

"Nitamtafuta mimi," mkewe alisema, akiinuka. "Wewe usimwendee tena, utamchosha. Haya nenda, usije ukakosa basi."

Alimtafuta kweli. Alikwenda kwa meneja, akaandika barua kwa makao makuu akieleza kisa chote, hata yale ya aibu, na akajibiwa kwa maneno matamu kwamba kampuni inathamini maoni ya kila mgeni. Alipofika kule nyuma ya stendi, shangazi mtu akamwambia msichana amesafiri na mdogo wake kwenda kutafuta maisha kwingine, na namba yake ya simu haipatikani.

Fundi aliyafuta maneno yake. Simu ilimwuliza kama ana uhakika, akabonyeza ndiyo, na papo hapo zikatokea nyota tano tupu na ombi la kuandika upya. Aliziangalia muda mrefu, akaizima simu.

Watoto wameshaelewa sasa, ingawa hawalizungumzii. Binti mkubwa humpigia karibu kila jioni, na fundi hupokea haraka, kabla mlio haujarudia.

"Baba, umekula?"

"Nimekula."

"Umekula nini?"

Hapo fundi hunyamaza, simu sikioni, akitafuta jina la chakula chochote.