Mbili Pembeni

Mimi ni mtu wa ngoma, na watu wa ngoma tuna kiburi. Nalisema mapema kwa sababu bila kiburi hicho mambo haya yangekwenda njia nyingine kabisa. Kwa miaka ishirini na miwili nimepiga ngoma kubwa katika Kanisa la Hema la Nuru, hapa Makongeni. Ngozi nakwenda kuichagua mwenyewe kwenye machinjio ya mbuzi ya Kiamaiko, kwa Abdiqadir, ambaye akiniona naingia huanza kuficha zile mbovu. Karakana ya reli nilistaafu, ngoma sijastaafu. Mtu akiniambia nimekosea mdundo, sisalimiani naye wiki nzima.

Aliyecheza mbele ya ngoma hiyo kwa miaka yote hiyo ni Muhonja, ambaye kanisani tunamwita Nabii. Jumapili tukitoka na bendera kuelekea Jogoo Road, kanzu nyeupe na mishipi myekundu, watu husimama kumtazama yeye. Roho akimshukia, huzunguka mara tatu kwa kushoto, huweka kiganja kwenye paji la uso, hushuka magotini na kuinuka bila kugusa chini kwa mkono. Kisha miguu huanza kupiga ardhi upesi upesi, na hapo ndipo wagonjwa husogezwa karibu. Watu wamepona. Kavata, mke wa Mzee Wabwire mwenyewe, alipona, na Mzee Wabwire ndiye mwenyekiti wa wazee wetu.

Muhonja ana mtoto mmoja, Lorine, msichana wa miaka ishirini na minne anayecheza dansi na kikundi fulani kinachofanyia mazoezi kule Kaloleni. Mwezi uliopita kikundi hicho kilicheza katika ukumbi mmoja mjini, watu wakaketi gizani wakitazama jukwaa. Lorine alitoka peke yake na gauni jeupe na mshipi mwekundu. Akazunguka mara tatu kwa kushoto. Kiganja kwenye paji. Akashuka, akainuka. Watu wakasimama kupiga makofi, mmoja wao akairekodi video kwa simu, na kufikia Alhamisi hakukuwa na mshiriki wa Hema la Nuru ambaye hakuwa ameiona. Mimi niliitazama mara nne. Ilikuwa sawasawa mpaka kwenye vidole vya miguu.

Sasa sikilizeni sheria yetu, kwa maana ndiyo iliyotubana. Anayemfanyia Roho mchezo hutengwa. Hasalimiwi, hakuliwi naye, na aliye na paa haruhusiwi kumlaza chini yake, hata akiwa mzazi. Lorine na mamake wanaishi chumba kimoja kwenye zile nyumba za reli. Ikiwa uchezaji wa Nabii ni wa Roho, basi Lorine amekufuru, na mamake ndiye atakayemtolea nguo nje. Na ikiwa ni hatua tu za kujifunza, Lorine hajaiba kitu cha Mungu, lakini Muhonja ametudanganya miaka ishirini na miwili na kanzu ataivua. Mmoja lazima angeanguka.

Mzee Wabwire si mtu mbaya. Ni mtu aliyenyooka kupita kiasi, kama reli. Alisema maneno hatayakubali, kwa sababu mama yeyote angesema uongo kumwokoa mwanawe. Angekubali miguu tu.

"Jumamosi saa tisa Nabii atacheza mbele ya wazee," alisema. "Shiundu atapiga. Katikati, Shiundu atanyamazisha ngoma bila kusema. Aliye na Roho haongozwi na ngozi ya mbuzi. Ngoma ikinyamaza, yeye ataendelea. Akisimama, tutajua alikuwa anafuata mdundo tu."

Jumamosi asubuhi nilikwenda kwao. Lorine alikuwa ameketi kwenye ukingo wa kitanda, macho yamemvimba, na begi lake likiwa limeshafungwa karibu na mlango. Nilipoliona lile begi nikageuza uso.

"Anko Shiundu, sikuwa nafanyia kanisa mchezo," aliniambia. "Tuliambiwa kila mtu alete dansi ya kwao. Wenzangu wakaleta za ushago, za vijijini kwao. Mimi ushago sijui. Kwetu ni hapa, na dansi ya kwetu ni ya mathe."

"Ungeuliza kwanza."

"Ningeuliza wangekataa."

Nikakohoa. Muhonja akampa pesa ya maziwa, akamtuma dukani. Mlango ulipofungwa, alinisogelea na kuongea kwa sauti ya chini.

"Shiundu, leo kabla hujanyamaza, nipigie mbili pembeni."

Mbili pembeni ni kugonga ubao wa ngoma kwa vidole mara mbili, nje ya ngozi. Wapigaji hufanya hivyo kila mara kupamba mdundo. Hakuna mzee angeshtuka. Lakini mimi nilishtuka.

"Wewe unataka ishara ya nini?"

"Nipe tu."

"Nabii, ngoma ikinyamaza wewe si utaendelea? Ishara ni ya mtu anayeogopa."

"Basi ninaogopa," akasema. "Utanipa au hutanipa?"

Nilimwambia nitampa, nikaondoka nikiwa nimekasirika. Nilikasirika kwa sababu kulikuwa na jambo ambalo mimi nalijua na hakuna mwingine anayelijua.

Miaka sita iliyopita Kavata aliugua homa iliyomfanya asimtambue mtu. Wakati huo yeye na Mzee Wabwire walikuwa wanakaa Pipeline, ghorofa ya sita. Mzee alikuwa zamu kiwandani. Tuliingia chumbani watatu tu: mgonjwa kitandani, Nabii na mimi. Nilikuwa nimefunga ngozi mpya, na wiki ile sikuwa na hela ya kutosha, nikachukua ngozi nyepesi ambayo Abdiqadir mwenyewe alinionya niiache. Nikapiga, Muhonja akaanza, mpangaji wa chini akaanza kugonga dari lake kwa fagio. Halafu ngozi ikapasuka, pa, katikati. Nikabaki na mikono hewani kama mtu aliyenyang'anywa sahani.

Muhonja hakusimama. Sidhani alisikia kitu. Aliendelea kucheza kwenye kile kipande cha sakafu kati ya kitanda na kabati, bila ngoma, bila wimbo, mdundo uleule usiopungua, muda ambao chai ingechemka mara tatu. Nilitazama miguu yake nikaogopa, na mimi si mtu wa kuogopa. Kisha Kavata akafungua macho, akaomba uji.

Sikumwambia mtu. Ningesemaje? Kwamba ngoma ya Shiundu ilipasuka mbele ya mgonjwa, na Roho akafanya kazi bila yeye? Nilikwenda nyumbani na ngoma imefunikwa kwa koti, na waliponisifu Jumapili nikapokea sifa. Muhonja naye hakulitaja. Sijui hata kama alikumbuka.

Ndiyo maana ile ishara iliniudhi. Mwanamke niliyemwona akicheza bila ngoma sasa ananiomba nimwambie ngoma inakoma lini. Nikajisemea, uzee umemwingia, au imani imemtoka.

Saa tisa wazee kumi na mmoja walikuwa wameketi kwenye mabenchi. Wanawake walisimama nyuma, Kavata akiwa miongoni mwao. Lorine aliwekwa benchi la mbele peke yake. Hakukuwa na kayamba wala kuimba, mimi na ngoma tu, chini kabisa, macho yangu yakiwa sawa na pindo la kanzu ya Nabii. Mzee Wabwire aliomba dua fupi. Alirudia maneno yaleyale mara mbili, nikajua na yeye anaogopa.

Nikaanza polepole. Muhonja alisimama muda mrefu amefumba macho. Kisha akazunguka. Moja, mbili, tatu. Kiganja kikapanda kwenye paji. Akashuka, akainuka, na miguu ikaanza. Niliongeza mwendo, akanipita, nikamfuata. Mara nikaona uso wake umebadilika, umelainika, jinsi unavyokuwa akishaondoka. Baba mmoja mzee akaanza kulia kwa sauti ndogo. Nikasema moyoni, huyu sasa hahitaji ishara yangu. Ameshachukuliwa. Nikinyamaza hivi hivi ataendelea, na watu wote hawa wataona nilichokiona Pipeline.

Nusura nisiipige. Naapa, vidole vilikuwa vimekataa. Nilitaka waone. Nilitaka Mzee Wabwire apige magoti. Lakini nilikuwa nimeahidi, na ahadi ni deni. Nikagonga ubao mara mbili. Nikahesabu midundo minne. Nikanyamaza.

Muhonja alisimama palepale.

Hakuyumba. Alisimama na mdundo wa mwisho kama mtu aliyefanya mazoezi mwezi mzima, mguu mmoja mbele, mikono chini. Nikasikia gari la maji likirudi nyuma huko barabarani. Akafungua macho, akamtazama Mzee Wabwire, wala si mbinguni.

Mimi nilikuwa chini. Niliona ambacho wao hawakuona. Chini ya pindo la kanzu, kidole gumba cha mguu wa kushoto kilikuwa bado kinapiga sakafu. Kilipiga, kikapiga, na msuli wa mguu umekaza kama kamba kwa kukizuia. Ndipo nikaelewa ishara ilikuwa ya nini. Bila zile mbili pembeni asingesikia ngoma imekoma. Alihitaji mtu wa kumwita arudi kwa wakati, ili asimame mbele ya watu na kumwokoa mtoto wake. Na mimi, kwa kiburi changu, karibu nimwache huko.

"Amesimama," mzee mmoja akasema.

Mzee Wabwire aliinuka. Alikuwa amezeeka ndani ya dakika moja.

"Muhonja," akasema. Hakusema Nabii. "Kwa hivyo ni hatua."

"Ni hatua, mzee. Nilizitunga mwenyewe nikiwa msichana. Lorine amezichukua kwangu, hajazichukua kwa Mungu."

"Na mke wangu alipona na nini?"

"Labda ni dawa," Muhonja akasema. "Labda ni Mungu, bila mimi."

Mzee Wabwire akanigeukia. Nilijua atanigeukia, na bado nilikuwa sijajiandaa.

"Shiundu, siku ile wewe ulikuwa chumbani. Mimi nilikuwa kazini. Niambie mbele ya hawa wote. Alikuwa anafuata ngoma yako, ama kulikuwa na kitu kingine?"

Kila mtu alinitazama. Lorine pia, mikono amebana katikati ya magoti. Muhonja hakunitazama. Alitazama sakafu, na nikaona kile kidole kimetulia. Miaka sita nilikuwa nimeificha ile habari kwa aibu yangu mwenyewe, na sasa ilikuwa imenijaa mdomoni inataka kutoka. Ningesema neno moja, ngozi ilipasuka, na angerudishiwa jina lake lote. Na begi lililo mlangoni lingetoka na mwenyewe jioni hiyo hiyo.

"Alifuata ngoma," nikasema. "Mimi nilipiga, yeye akafuata."

Mzee Wabwire akatikisa kichwa taratibu, akaketi. Wanawake wawili walimvua Muhonja kanzu na mshipi, wakavikunja. Chini ya kanzu alikuwa amevaa gauni la maua lililopauka. Lorine alikimbia akamshika, analia, anasema "mathe, mathe," na Muhonja akamwambia anyamaze, waende, chakula hakijapikwa. Sijui kama yule msichana aliona nilichokiona. Yeye ni mchezaji, anajua kutazama miguu. Sijamuuliza na sitamuuliza.

Watu walitoka mmoja mmoja bila kusalimiana. Nilibaki naifunga ngoma kwenye shuka lake. Nikasikia mtu amesimama nyuma yangu.

"Mirembe, Baba Shiundu."

Alikuwa Kavata. Ni Mkamba, lakini salamu yetu ya kanisani anaijua kutushinda.

"Mirembe, mama."

Hakuondoka. Alishika ncha ya leso yake, akawa anaikunja na kuikunjua.

"Siku ile kwangu nilikuwa sioni kitu," akasema. "Lakini nilikuwa nasikia. Nilisikia kitu kimepasuka. Halafu miguu. Miguu tu, muda mrefu, mpaka nikaomba uji. Ngoma sikuisikia."

Niliendelea kukaza fundo ambalo lilikuwa limeshakaza.

"Ulikuwa na homa, mama," nikasema.

Kavata alitazama nje. Muhonja na Lorine walikuwa wanavuka uwanja, binti amebeba mkoba wa mamake, mama anatembea pole pole, na miguu yake ilikuwa mitupu kwa sababu viatu alivisahau mlangoni. Kavata akaviokota, akavipangusa vumbi kwa leso, akaviweka kwapani.

"Ndiyo," akasema. "Nilikuwa na homa."

Akashika upande mmoja wa ngoma, mimi nikashika wa pili, tukaitoa nje.