Paipu Kupitia kwa Nafiso

Shamis alikuwa amechoka kabla hata ujenzi haujaanza. Mumewe, Warsame, alifariki mwaka uliopita, na wazee wa ukoo walipokaa kugawa urithi, ploti yake ya Garissa ilikatwa vipande viwili. Upande wa barabarani, pamoja na nyumba iliyokwisha kujengwa, ulimwendea Nafiso, mke mdogo. Upande wa nyuma ukawa wa Shamis, na kuta nne ambazo Warsame aliziacha hazijaezekwa. Tangi la maji, lililosimama juu ya mnara wa chuma, lilibaki kwa Nafiso, lakini wazee walisema wazi kwamba maji ni ya wote wawili.

Shemeji yake Shamis, Kulow, aliahidi kumtafutia kontrakta. Aliahidi Shamis alipomaliza eda, akaahidi tena baada ya Ramadhani, akaahidi tena kwa simu akiwa Modogashe na ng'ombe wake. Shamis alipoona kuta zimeanza kuingia nyufa, akaacha kumpigia.

Basi akajisimamia mwenyewe. Asubuhi alifungua kibanda chake cha nguo pale sokoni Suuq Mugdi, adhuhuri akakifunga, akaenda ploti na jua lote kichwani. Bati aliliweza. Plasta aliiweza. Kilichomtoa jasho ni mambo ya maji. Hakuwa amejua kwamba nyumba ndogo vile inaweza kumeza vitu vingi namna hiyo: viungo vya kona, viungo vya njia tatu, koki, gundi, utepe mweupe wa kuzungushia. Kila aliporudi kutoka dukani, fundi alikuwa amekumbuka kitu kingine kilichosahaulika, naye Shamis aligeuka mlangoni bila kuketi.

Fundi mwenyewe alikuwa Abshir, mtu wa Masalani, mpole, asiyejua kubisha wala kuonya mapema. Alikipanga choo kikielekea kibla, kwa sababu paipu ya maji machafu ilifika kirahisi upande ule. Shamis aliingia akakuta saruji imekwisha kushika.

"Abshir, wewe ni Muislamu?"

"Alhamdulillahi, eeddo," alijibu, akimwita kama anavyomwita shangazi yake.

"Na mtu akikaa hapa, uso wake unaelekea wapi?"

Abshir alikitazama choo, akautazama mlango, akatoka nje kutazama kivuli cha ukuta. Akarudi ameinamisha kichwa. "Subhanallah. Nitavunja."

Akavunja. Shamis akarudi dukani kununua saruji nyingine.

Likabaki jambo la kuyatoa maji kwenye tangi hadi nyumbani kwake.

"Njia ya karibu ni kukata uani kwa Nafiso," Abshir alisema. "Tunachimba, tunalaza paipu, tunafukia. Huko chini maji yanakaa na baridi yake."

"Tafuta njia nyingine."

"Nyingine ni kuzungusha paipu juu ya ukuta wote wa nje. Itakuwa juani, eeddo."

"Izunguke."

Yeye na Nafiso hawakuwa wamegombana. Kwa miaka yote walisalimiana tu. Neno lolote zaidi ya salamu alilibeba Warsame kutoka mlango huu hadi ule. Sasa mbebaji hakuwepo. Tena ule ua, Nafiso alikuwa ameusakafia mwenyewe baada ya msiba. Shamis alimwona akikoroga saruji jioni baada ya jioni, mtoto mgongoni. Kwenda kumwambia mtu kama huyo, naomba nivunje sakafu yako, kulihitaji nguvu ambazo Shamis hakuwa nazo tena.

Akahamia. Siku ya kwanza, wakati wa adhuhuri, alifungua koki atie udhu, akautoa mkono upesi. Maji yalikuwa yanaunguza. Ile paipu nyeusi ilikuwa imelala juani tangu asubuhi. Akaacha koki wazi, maji yakamwagika mpaka yakapoa, ndipo akatia udhu. Alasiri akafanya vivyo hivyo. Ikawa ndiyo desturi yake.

Kisha maji ya mji yakakatika. Watu walisema mtambo wa mtoni umejaa tope. Wengine walisema mengine. Kila nyumba ikabaki na kilichomo tangini mwake.

Asubuhi moja Nafiso alibisha hodi, mtoto kiunoni, jerikani tupu mkononi. Hakuwa amewahi kuvuka kizingiti kile.

"Abaayo, tangi limekauka," alisema. Alimwita dada, lakini uso wake ulikuwa mkavu.

"Najua."

"Sikufua nguo. Watoto nawafuta kwa kitambaa kilicholowa, nikidhani tutajikokota mpaka maji yarudi. Yamekwenda wapi?"

Shamis angeweza kumsingizia fundi. Hakuwa na nguvu hata za kusema uongo. Alimpeleka nyuma ya bafu, ambapo udongo ulikuwa bado umelowa na majani mabichi yameanza kuota mahali ambapo hakuna aliyewahi kuona jani.

"Yamekwenda hapa. Yanatoka ya moto, nayamwaga mpaka yapoe."

Alisubiri kelele. Nafiso aliigusa paipu ukutani, akautoa mkono. Akaitazama inavyozunguka ploti nzima.

"Kwa nini haikupitia kwangu?"

"Ungekubali nivunje sakafu yako?"

"Hukuniuliza."

"Nimechoka kuuliza watu, Nafiso. Nimemuuliza Kulow mpaka nikaona haya."

Nafiso alimshusha mtoto, akaketi kwenye tofali. "Ile sakafu unadhani niliitaka? Nilikuwa siwezi kukaa bure. Nikitulia kidogo, namsikia Warsame akifungua geti. Nikaona bora nikoroge saruji."

Shamis naye alikuwa akilisikia lile geti. Alidhani ni yeye peke yake. Aliketi kwenye tofali lililofuata. Mtoto alichezea matope, na hakuna aliyemkataza.

"Mwite fundi," Nafiso alisema mwishowe. "Na leo tununue maji ya mkokoteni, tugawane."

Abshir alikuja kesho yake na sururu. Alisimama uani akisita, kwa maana sakafu ilikuwa imelainishwa vizuri. Nafiso alimnyang'anya sururu, akapiga pigo la kwanza, la pili, la tatu, kisha akamrudishia na kuingia ndani. Shamis aliona kwamba alikuwa akifuta macho. Hakumfuata. Alichukua karai akaanza kuzoa vipande.

Mtaro ulipokamilika na paipu mpya kulazwa, Abshir alianza kuing'oa ile ya ukutani.

"Iache," Nafiso alisema kutoka mlangoni. "Tia koki ya kuifunga hapo inapoanza, na koki ya pili kule bafuni ya kutolea maji ya moto. Jioni za upepo wa Julai, watoto hawa nawachemshia maji kwa makaa. Kwa nini, na jua limekwisha kuyachemsha?"

Abshir akamtazama Shamis.

"Fanya alivyosema," Shamis alijibu. Magoti yake yalikuwa yanauma siku nyingi, wala hakuwa amemwambia mtu.

Maji ya mji yalirudi bila taarifa, kama yalivyoondoka. Adhuhuri Shamis alitia udhu kwa maji yaliyopita chini ya ardhi. Jioni akafungua koki ya pili, akajaza ndoo, akaivusha uani, akipita juu ya kile kipande kilichofukiwa ambacho hakikuwa kimesakafiwa tena. Nafiso aliipokea ndoo.

"Moto kiasi gani?"

"Changanya kidogo."

Shamis alirudi kwake, akajaza ndoo nyingine, akaoga toka kichwani, kisha akajimwagia magotini polepole. Madirisha yalikuwa bado hayana vioo, na mlango wa jikoni haukufunga sawasawa. Kesho ingembidi aanze kumtafuta seremala. Alisikia watoto wa Nafiso wakipiga kelele wakiogeshwa. Alilala mkekani na nywele zikiwa bado na maji, kabla hata hajala.