Mayai Kumi na Mawili kutoka Mutsamudu

Mayai yalikuwa yamekaa siku tisa nje ya friji: mbili nyumbani kwa mama yake Nouriat kule Mutsamudu, nne bandarini yakingoja meli, na tatu chini ya kitanda chake hapa mtaani Magoudjou, ng'ambo ya bahari, ndani ya kikapu cha mchele mkavu. Nouriat alishapiga hesabu yake: yai moja kwa siku, mpaka mashavu ya Soidri yajae tena. Mtoto alikuwa ametoka kuugua surua, na tangu serikali iwafukuze makarani wote, baba yake akiwamo, nyama walikuwa wakiinusa kwa jirani tu.

Asubuhi hiyo Bi Batoul, shangazi wa mumewe, aliingia bila hodi. Bi Batoul alikuwa na friji, la pekee mtaani, na akilitaja ungedhani ni mwanawe aliyehiji.

"Siku tisa?" Akashika kichwa. "Sumu hiyo, mwanangu! Lete nikayatupe mbali."

"Mbali wapi, shangazi?"

"Mbali! Wewe mgeni hapa, hupajui."

Lakini Nouriat alisoma masomo ya jioni kule kwao Hombo, na mkunga aliyewafundisha alisema yai lisilooshwa, likikaa kivulini, hudumu wiki kadhaa. Ukilitilia shaka, litie majini. Zima huzama, bovu huelea.

"Nitayapima," akasema.

"Pima! Kaa na mtoto wako, maji nakuletea mimi."

Bi Batoul alikawia jikoni, akarudi na bakuli kubwa, akalitua kwa adabu isiyo yake. Yai la kwanza likaelea. La pili likaelea. Yote kumi na mawili, moja baada ya jingine, yakatoa vipara juu ya maji. Mtoto atakula nini?

Soidri, mapajani kwake, akayapiga maji kofi, akalamba kiganja, uso ukamkunjamana, akatema.

Nouriat akachovya kidole. Bahari yenyewe haina chumvi namna ile! Kumbe maji ndiyo yaliyoyabeba mayai.

"Kweli ni sumu, shangazi," akasema kwa upole. "Tena tusiyatupe ovyo. Niwaite vijana wa kamati ya serikali waje kuyafukia."

"Kamati ya nini!" Bi Batoul akaurukia mlango, akaufunga. "Nisitiri, mwanangu. Ijumaa wakwe wa binti yangu Chamsia wanakuja kwa siri. Harusi kubwa imepigwa marufuku, haya, lakini hata keki? Bwana harusi nimpe muhogo?"

"Si ungeniomba?"

"Nimwombe mama wa mgonjwa? Nina haya, mimi."

"Kumwibia je?"

Kicheko kikamshinda Bi Batoul, wakacheka wote wawili mpaka Soidri naye akacheka.

Nouriat akateka maji mengine mwenyewe. Kumi na moja yakalala chini kwa utulivu. Moja likaelea kweli, wakalitupa.

"Manne yako, saba ya Soidri. Na vipande viwili vya keki."

"Kimoja."

"Niite kamati?"

"Viwili! Ila nitayapitishaje mbele ya hao vijana? Buibui serikali imetuvua, yai nilifiche wapi?"

Nouriat akayafunga kwenye kitambaa safi, juu yake akaviringisha nepi za tangu jana.

"Mayai ya mkwe!"

"Yana maganda, shangazi. Utayaosha kabla ya kuyavunja."

Kutoka dirishani alimwona kijana wa kamati akimsimamisha Bi Batoul, na Bi Batoul akimsogezea furushi puani kwa ukarimu mkubwa. Kijana akaruka nyuma.

Nouriat akarudi kwenye sufuria. Yai lilichemka mpaka likakaza kabisa. Akalimenya, akalinusa, akala kipande yeye kwanza. Soidri hakungoja kijiko kifike. Alikuwa ameshafungua mdomo.