Harusi Juu ya Gogo

Tangu asubuhi Evica alikuwa akicheka ovyo. Alicheka mama yake alipomfunga vifungo vya gauni, akacheka jirani alipomchomeka tawi la rozmari kifuani, akacheka hata alipoambiwa kwamba gogo bado liko barabarani na bwana harusi hapiti. Wengine hulia siku ya harusi yao. Yeye alishalia yote mwezi wa Mei, harusi ilipoahirishwa mara ya pili. Sasa Juni imeingia, nguruwe ameshachomwa, na Rajko, bwana harusi, ameletewa wito wa kurudi jeshini. Leo ni leo, asemaye kesho ni mwongo.

Gogo lenyewe lilikuwa na mambo yake. Yugoslavia ilikuwa imeanza kupasuka, na kila kijiji kikajikuta kina taifa lake. Watu wa Topolik, kwa kina Evica, wakakumbushwa kuwa wao ni Wakroati. Watu wa Vrbak, kwa kina Rajko, wakakumbushwa kuwa wao ni Waserbi. Si kwamba hawakujua. Walijua siku zote, kama mtu anavyojua kuwa ana bandama, bila kuiwaza. Wakubwa wa vyama vipya wakaagiza kutoka mjini kwamba barabara ifungwe. Topolik wakatii, Vrbak wakatii, lakini mwaloni uliokatwa ulikuwa mmoja tu, na hakuna upande ulioweza kuubeba peke yake. Basi wakaubeba pamoja, wakaulaza mpakani, kisha hawa wakakaa upande huu na bunduki wakijilinda na wale, na wale upande ule wakijilinda na hawa. Sigara zikiisha, walikopeshana.

Mzee Tunjo, baba yake Evica, alikuwa zamu siku hiyo. Alikuwa amekuja nyumbani mara moja kubadili shati, na juu ya shati la harusi akavaa tena koti la mgambo.

"Baba, kaliondoe gogo lako," Evica alimwambia.

"Si langu, mwanangu. Ni la taifa."

"Taifa lipi?"

Mzee Tunjo alijikuna kichwa. "Hilo bado wanalijadili mjini. Sisi tumepewa gogo kwanza."

"Na Stipo yuko wapi?"

"Yuko kwenye gogo. Naye ana zamu."

Stipo ndiye aliyekuwa msimamizi wa harusi. Alikuwa kijana wa Topolik, lakini alitumikia jeshi pamoja na Rajko huko Makedonia, wakalala kitanda cha juu na cha chini, na ni yeye aliyemleta Rajko kijijini likizo moja, naye Rajko akala kwa kina Evica na hakutoka mezani mpaka giza. Kwao harusi bila msimamizi si harusi, na aliyeombwa usimamizi hakatai hata akiwa mahututi.

"Vizuri," alisema Evica. "Msimamizi yuko kwenye gogo, baba yuko kwenye gogo, bwana harusi amekwama kwenye gogo. Nami nitaolewa hapo hapo." Akacheka tena, akakusanya gauni, akatoka.

Kwa desturi hutangulia mbeba bendera. Mwaka ule kila rangi ilikuwa na mtu wa kuinunia, kwa hiyo mjomba aliinua mti mtupu, umefungwa taulo na kuchomekwa tofaa nchani. Kodiani ikafuata, mama yake Evica akafuata na sinia la nyama, na kijiji kizima kikafuata sinia.

Upande wa pili wa gogo magari ya Vrbak yalikuwa yakipiga honi kama yamerukwa na akili. Mlinzi mmoja wa Vrbak alijitia ukali.

"Nani anakuja?"

"Bibi harusi," alijibu mjomba.

"Ana kibali?"

"Ana nguruwe."

"Nguruwe apite. Habari za bibi harusi tutazungumza tukishashiba."

Rajko alikuwa amesimama juu ya boneti ya gari, tai imekaa upande, anatabasamu kama mtoto. Evica alipomwona aliinua gauni akaongeza mwendo. Hatua tatu tu na mti mmoja kati yao.

Kitambaa cheupe kikatandikwa juu ya gogo, chupa za pombe ya plamu zikapangwa, na Bi Zdenka, mwandikishaji ndoa aliyeletwa na magari ya Vrbak, akaweka kitabu chake kati ya nyama na mikate. Bi Zdenka alikuwa ameozesha watu wa vijiji vyote viwili kwa maneno yale yale tangu ujana wake. Akajifunga mshipi wake wa kazi, akakohoa.

"Kwa jina la Jamhuri," alianza, kisha akanyamaza.

Kodiani nayo ikanyamaza. Jamhuri ipi? Ile ya zamani ingewaudhi hawa, hii mpya ingewaudhi wale, na wote walikuwa na bunduki na wote walishaonja chupa. Mtu mmoja alikohoa kwa namna isiyopendeza. Kwa mara ya kwanza siku hiyo Evica aliacha kucheka, kwa sababu alijua kabisa kwamba ndoa hii ikivunjika hapa, hakuna atakayeiunga.

Bi Zdenka alivua miwani, akaifuta, akaivaa.

"Kwa jina la Evica na Rajko," alisema. "Hao angalau nina hakika wapo."

Pande zote mbili zikaangua kicheko, hata yule aliyekohoa. Stipo alinyoosha mkono juu ya gogo kuweka sahihi, bunduki mgongoni na rozmari kwenye koti la mgambo. Watoto wakamzunguka wakiimba, kama wanavyomwimbia kila msimamizi, "Msimamizi, mfuko unaungua, msimamizi, mfuko unaungua." Stipo akachota mfukoni ili awarushie sarafu, akatazama kiganjani, akaona risasi. Akazirudisha haraka na kuchota mfuko wa pili.

"Sasa mkamwana wangu avuke," alisema Mzee Milorad, baba yake Rajko.

"Aruke tu," alisema mlinzi.

"Mkamwana wangu si mbuzi. Ondoeni gogo."

Nani angembishia mzee siku ya harusi ya mwanawe? Gogo likasukumwa pembeni, na Evica akavuka kwa miguu yake na gauni lake hadi kifuani mwa Rajko. Kilichofuata hakuna aliyekiamuru. Ngoma ya duara ilianza Topolik ikaishia Vrbak, ikazunguka ikarudi. Bunduki ziliegemezwa zote kwenye mti mmoja. Mama alicheza na yule mlinzi aliyeruhusu nguruwe apite. Evica alicheza mpaka kisigino kikang'oka, akavua viatu, akaendelea pekupeku kwenye lami ya moto, akiamini kwa moyo wake wote kwamba upuuzi ule umekwisha, kwamba ulihitaji tu kodiani na mtu wa kucheka.

Jua lilipoanza kushuka, habari ikaja kwamba wakubwa wa mjini watapita kukagua, wa huku kwa huku na wa kule kwa kule. Hakuna aliyegombana. Watu walikumbatiana, wakajaziana vyombo vya nyama, kila mmoja akatafuta bunduki yake. Evica aliingizwa garini upande wa Vrbak. Bibi harusi hatakiwi kutazama nyuma. Alitazama.

Baba yake na baba mkwe wake walikuwa wameinama kwenye ncha moja ya gogo, bega kwa bega, kama walivyofanya miaka yote walipokuwa wakikata miti msitu mmoja. Wengine walishika kati, wa Topolik na wa Vrbak, wamechanganyika.

"Harambee," aliita Milorad.

"Hee," wakaitika wote.

"Polepole na hilo goti, mkwe," alisema Mzee Tunjo.

"Lako kwanza, mkwe. Vuta kushoto kidogo."

Evica alifungua mlango, akakimbia pekupeku. Alipofika, gogo lilikuwa limeshalala mahali pake, na baba yake alikuwa ng'ambo, karibu na mama aliyeshika sinia tupu.

"Baba, na Jumapili nitakuja vipi nyumbani?"

Mzee Tunjo hakumsikia vizuri, au alisikia alichotaka. Alipangusa mikono, akalipiga gogo teke moja kulijaribu, akamtazama binti yake kwa upendo na kwa fahari ya fundi.

"Usihofu, mwanangu," alisema. "Safari hii tumeliweka sawasawa. Halitikisiki."